Sahlab ya moto: mwongozo kamili wa kupika kinywaji cha okidi bila kung'oa okidi

Sahlab inapokaribia kuiva, sufuria hubadilisha sauti. Mwanzoni mapovu ya maziwa hupasuka haraka na kwa wepesi, kama ya chai ya maziwa. Baadaye yanapungua, yanakuwa makubwa, na kila moja linapasuka peke yake kwa mlio mzito, bwata, bwata, kama uji wa mtoto. Ukichota kwa upawa na kumimina, hakidondoki matone. Kinashuka kama utepe mmoja laini, na utepe ule unalala kidogo juu ya sufuria kabla ya kuzama. Hapo ndipo tunapotaka kufika. Nitakueleza njia yote, hatua kwa hatua, na nitakueleza pia jambo ambalo mapishi mengi hulipita: unga wenyewe unatoka wapi, na kikombe kimoja hugharimu mimea mingapi.

Kinywaji hiki ni kipi

Waturuki hukiita salep, Waarabu sahlab. Kwa asili ni maziwa ya moto yaliyofanywa mazito kwa unga wa viazi vya okidi zinazoota ardhini, yakatiwa sukari na kunyunyiziwa mdalasini. Istanbul huuzwa majira ya baridi, kikimiminwa kutoka kwenye mabirika makubwa ya shaba. Misri, Lebanoni, Shamu na Palestina hukinywa kikiwa kimepambwa kwa lozi, zabibu kavu na nazi iliyokunwa, mara nyingine kizito hadi kikahitaji kijiko. Huko London nako, katika karne ya 18, kiliuzwa mitaani kwa jina la saloop, na wafanyakazi walikinywa alfajiri kabla ya kuingia kazini.

Jina linarudi kwa Waarabu na neno lao la mbweha, tha'lab. Okidi hizi zina viazi viwili vya mviringo vilivyokaa bega kwa bega chini ya shina, na waliovichimba zamani waliviita korodani za mbweha. Wagiriki nao waliona hivyo hivyo: neno lao orchis, lililozaa jina okidi, maana yake ni korodani.

Kinachofanya kazi ndani ya unga huo huitwa glukomanani. Ni nyuzinyuzi zinazokunywa maji na kuvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake. Aliyewahi kupika mlenda au bamia anaujua uteute ninaousema, ila huu wa okidi ni mwepesi zaidi, hauna harufu ya majani, na ulimini unateleza kama hariri. Wanga wa mahindi huhitaji moto ndipo ushike, na ukipoa huganda na kukatika kwa kijiko. Glukomanani huanza kunywa maji hata yakiwa baridi, na uzito wake una mvuto. Ndiyo maana aiskrimu ya Kahramanmaraş, huko Uturuki, ambayo nayo hutiwa unga huu, huvutika kama mpira na hukatwa kwa kisu.

Kiazi kinavyokuwa unga

Chukua okidi moja ya huko Anatolia, Uturuki, tuseme Orchis mascula, wakati ina maua. Ukifukua taratibu utakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kimekuwa cha kahawia, ni laini ukikibonyeza. Hicho ndicho kilicholisha shina na maua ya mwaka huu, na kazi yake imekwisha. Cha pili ni cheupe, kigumu, kimejaa. Hicho ni akiba ya mwaka ujao. Wachimbaji huchukua kile cheupe, kwa sababu ndicho chenye unga. Nao huchimba wakati wa maua, kwa kuwa bila maua mmea hauonekani katikati ya majani, na kwa hiyo mmea hung'olewa kabla haujamwaga mbegu.

Viazi huoshwa, huchemshwa kwa maji au maziwa ili visichipue tena na uchungu uishe, hutungwa kwenye uzi kama shanga, hukaushwa mpaka viwe vigumu kama pembe, kisha husagwa. Kilo moja ya unga huhitaji viazi kati ya 1,000 na 4,000, kutegemea aina na ukubwa.

Tupige hesabu ya jikoni. Lita moja ya sahlab ya asili hutumia gramu 10 za unga, yaani viazi 10 hadi 40. Lita hiyo inatoa vikombe vitano. Kila mmea una kiazi kipya kimoja tu. Kwa hiyo kila kikombe unachoinua kimechukua okidi mbili hadi nane. Na mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake, haioti mpaka ikutane na kuvu inayofaa udongoni, kisha inahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu si la Waturuki peke yao. Nyanda zetu za Juu Kusini, Makete, Njombe, Mbeya, Sumbawanga, zina okidi za ardhini za jamii hiyo hiyo: Disa, Satyrium, Habenaria. Viazi vyake huchimbwa na kusafirishwa kwenda Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikashikamana na kukatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda, na wengine huko wanakiita polony ya Kiafrika kwa jinsi kinavyofanana na soseji ya kukata. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha makadirio kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivuka kutoka Tanzania kila mwaka. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua hayo ni sababu kubwa ya kutangazwa kwake. Chikanda ni chakula cha watu na kina heshima yake. Lakini mlima hauwezi kulisha soko linalokua kila mwaka, na hauwezi kuongezewa mzigo wa vikombe vyetu vya sahlab. Tafadhali usichimbe okidi ya porini kwa ajili ya mapishi haya, na usimtume mtu akuchimbie. Kwanza, aina nyingi hutazijua kwa macho. Pili, utapata kikombe kimoja na shimo jeusi pale palipokuwa na ua.

Kuchagua unga

Una njia tatu, na nitakwambia wazi ninayoipenda.

Ya kwanza ni unga halisi wa okidi. Ni ghali mno, na okidi zote duniani zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, hata zikiwa zimesagwa, hivyo kuuvusha mpakani kunahitaji kibali. Kama unaishi Uturuki na umepewa zawadi ya unga huo, upike kwa heshima. Nje ya hapo, uache.

Ya pili ni pakiti za sahlab zinazouzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kiarabu, Dubai, Maskati na kwingineko. Soma maandishi ya nyuma. Nyingi ni wanga wa mahindi, sukari, maziwa ya unga na harufu. Si kitu kibaya, ila unalipia sukari na wanga kwa bei ya kitu kingine, na utamu wake huwezi kuupunguza.

Ya tatu ndiyo yangu: wanga wa mahindi, ile konfulawa ya dukani, ukisaidiwa na unga kidogo wa konjaki. Konjaki ni mmea wa Asia ya Mashariki unaolimwa mashambani kwa ajili ya kiazi chake kikubwa, na kiazi hicho kimejaa glukomanani, kitu kile kile kinachotafutwa kwenye okidi. Wajapani na Wachina wanautumia kutengenezea tambi na vyakula vya kuganda. Wanga unaleta mwili wa kinywaji, konjaki inaleta ule mtelezo. Ukikosa konjaki, wanga peke yake utakupa sahlab nzuri kama inayopikwa majumbani Misri na Lebanoni, kwa sababu familia nyingi huko zimekuwa zikitumia wanga kwa muda mrefu.

Kama umeuziwa unga na kuambiwa ni okidi tupu, nyunyiza nusu kijiko cha chai kwenye nusu glasi ya maji ya baridi huku ukikoroga, uache dakika ishirini. Unga wenye glukomanani utavimba na maji yatakuwa mazito yenye uteute. Wanga utazama chini na kubaki kama chokaa, na juu maji yatabaki mepesi. Jaribio la tone la iodini, ambalo wengi hulikimbilia, halikusaidii hapa: kiazi cha okidi nacho kina wanga kiasi, kwa hiyo rangi ya samawati iliyokolea itatokea hata unga ukiwa halisi. Na jaribio la maji halitofautishi okidi na konjaki. Linakuonyesha tu kama umeuziwa wanga mtupu.

Vipimo, kwa vikombe vitano

Maziwa lita moja, yenye mafuta yake. Wanga wa mahindi vijiko viwili vya chakula, vimesawazishwa kwa kisu. Unga wa konjaki nusu kijiko cha chai, usizidishe hata chembe mara ya kwanza. Sukari vijiko vinne vya chakula. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Maji ya mawaridi au ya maua ya machungwa kijiko kimoja cha chai. Mdalasini wa unga wa kunyunyizia juu, uliosagwa karibuni kama unaweza.

Bila konjaki, weka wanga vijiko vinne badala ya viwili. Kwa unga halisi wa okidi, acha wanga na konjaki, tumia kijiko kimoja cha chakula kisicho na kilele.

Sufuria iwe nzito chini. Uwe na mchapo wa waya kwa mwanzo na mwiko wa mti kwa mwisho. Mwiko unafika kwenye pembe za sufuria ambako mchapo haufiki, na huko ndiko maziwa yanakoanza kuungua.

Kupika

Maziwa mabichi yachemshe kwanza, kisha yaache yapoe kabisa. Ya pakiti tumia moja kwa moja kutoka kwenye jokofu. Baridi ni ya lazima. Mara yangu ya kwanza nilimwaga unga kwenye maziwa yanayotokota, nikidhani ni sawa na kukoroga ugali. Kila punje ilijifunga ngozi kwa nje na kubaki kavu ndani, nikapata mabuje madogo kama macho ya samaki. Nilichuja, nikasaga, hayakuyeyuka. Lita nzima ikapotea, na maziwa si kitu cha kutupa.

Kwenye bakuli kavu changanya konjaki na sukari yote. Usiruke hatua hii. Punje za sukari zinazitenganisha punje za unga, kila moja ikapata nafasi ya kunywa maji bila kugandana na jirani yake. Kama unatumia unga wa okidi, fanya hivyo hivyo.

Toa kikombe kimoja katika ile lita ya maziwa, weka pembeni. Yaliyobaki yatie kwenye sufuria, bila moto. Shika mchapo kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine, nyunyiza mchanganyiko wa sukari kidogo kidogo kama mtu anayepeta, huku mchapo hausimami. Ukimaliza, tia chumvi, uache utulie dakika kumi. Katika dakika hizo unga unakunywa. Ukirudi utaona maziwa yameanza kuwa kama maziwa ya mtindi mwepesi, ingawa hayajaonja moto.

Sasa washa moto wa wastani. Koroga polepole mpaka mvuke uanze kupanda. Wakati huo koroga wanga kwenye kile kikombe cha maziwa baridi mpaka usione weupe uliotuama chini, kisha umimine kwenye sufuria kwa mkondo mwembamba, ukikoroga. Pika hivyo mpaka uchemke. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa kabla ya kutia wanga, maana hutapata muda wa kuyapunguza baadaye.

Yakichemka, shusha moto uwe mdogo kabisa, weka mchapo chini, chukua mwiko. Dakika nane hadi kumi. Pitisha mwiko chini ya sufuria kwa mistari, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha zungusha pembeni. Wapishi wa halua wa Unguja wana mkono huu tayari: mwiko haupumziki, na jicho liko kwenye chini ya sufuria kuliko juu. Unga halisi wa okidi unataka dakika kumi na tano.

Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka. Dakika ya nne utaona kinywaji bado chepesi, utataka kuongeza unga. Usiongeze. Konjaki na okidi hukomaa pole pole, na uzito wa mwisho unakuja dakika za mwisho, mwingine unakuja kikombeni. Subiri ile sauti niliyoitaja. Kisha fanya jaribio la kijiko: kichovye, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi na kingo zake hazitiririki, imeiva.

Zima moto ndipo utie maji ya mawaridi. Ukiyatia mapema, harufu yote inapanda na mvuke na kukuacha na maziwa matamu.

Viungo vya kunukia

Kwa Waturuki mdalasini unatosha, wengine huongeza tangawizi ya unga. Mimi naheshimu hilo: sahlab ni kinywaji cha maziwa, na viungo vikiwa vingi kinakuwa chai iliyoganda. Iliki mbili zilizopasuliwa, zikachemka na maziwa tangu mwanzo na kutolewa mwishoni, zinakaa vizuri, na kwetu ni harufu ya nyumbani. Karafuu hapana. Moja tu inafunika kila kitu.

Waarabu wengi hutia mastiki, utomvu mkavu wa mti unaotoka kisiwa cha Chios, Ugiriki. Ukiupata, ponda chembe moja au mbili ndogo kwenye kinu pamoja na kijiko cha sukari. Bila sukari unanata kwenye mchi na hautoki. Tia dakika mbili kabla ya kuzima. Chembe tatu ni nyingi, kinywaji kitakuwa na uchungu wa sandarusi.

Kwa asiyekunywa maziwa, tui la nazi linafaa, lakini liwe jepesi, tui la pili, na tumia wanga peke yake vijiko vinne. Koroga upande mmoja bila kuacha na usiliache lichemke kwa nguvu, lisije likakatika.

Ikienda vibaya

Ikiwa nzito mno, ongeza maziwa ya moto, si ya baridi, nusu kikombe kwa wakati. Ikiwa nyepesi baada ya dakika kumi kamili, koroga kijiko kimoja cha chai cha wanga kwenye maziwa baridi kidogo, umimine, upike dakika tatu zaidi. Ladha ya unga mbichi maana yake moto ulizimwa mapema, irudishe jikoni. Ikishika chini, usikwangue: mimina iliyo juu kwenye sufuria nyingine mara moja, onja, na kama harufu ya moshi haijaingia, endelea. Mabuje machache yachuje kwa kichujio cha waya ukisukuma kwa mgongo wa kijiko.

Jambo moja la usalama. Unga wa konjaki au wa okidi usiliwe mkavu wala usimezwe kwa kijiko na maji kidogo. Unavimba kooni na unaweza kumkaba mtu. Weka chombo chake mbali na watoto, na kiandike jina kwa kalamu ya wino mzito ili asije mtu akadhani ni konfulawa ya kawaida.

Kumimina

Vikombe viwe vizito na vimesuuzwa kwa maji ya moto, kwa sababu sahlab ikigusa kikombe baridi hufunga utando haraka. Mimina ukiwa umeinua upawa kidogo, jaza robo tatu. Nyunyiza mdalasini juu mpaka weupe ufunikwe. Ukitaka ya Kimisri, ongeza lozi zilizokatwa, zabibu kavu na nazi iliyokaangwa kidogo bila mafuta, na umpe kila mtu kijiko.

Inywewe pole pole. Inashika joto kuliko chai, na anayekunywa funda kubwa la kwanza huungua ulimi, kwa kuwa utando wa juu huficha moto ulio chini. Usiku wa Juni au Julai huko Makete, umande unapoganda kwenye majani, kikombe kimoja kinakaa na moto wake mkononi muda mrefu.

Iliyobaki iache ipoe, iweke kwenye jokofu, itadumu siku mbili. Asubuhi utaikuta imeganda kama pudini. Unaweza kuila hivyo hivyo kwa kijiko na asali kidogo, au kuirudisha kwenye sufuria na nusu kikombe cha maziwa kwa kila kikombe cha sahlab, moto mdogo, mchapo mkononi, mpaka utepe urudi.